Je, Wajua Nani Anaruhusiwa Kugusa Sikio Lako?

Je, wajua kwamba forodhani kifaa cha kusaidia kusikia hakihesabiwi pamoja na redio wala spika? Katika orodha ya kimataifa ya kupanga bidhaa, ileile inayotumika Kasumbalesa kila lori linapovuka kutoka Zambia, vifaa vya masikioni vya kusikilizia muziki vina namba 8518.30, kwenye sura ya vyombo vya umeme. Kifaa cha kusikia kina namba 9021.40, mbali kabisa, kwenye sura ya vyombo vya tiba. Majirani zake humo ni meno ya bandia na viungo vya bandia, na mara tu baada yake, kwa namba 9021.50, kinafuata kile kifaa kidogo kinachopandikizwa kifuani ili kuongoza mapigo ya moyo.

Hakuna anayenunua kifaa cha moyo juu ya meza ya biashara kando ya barabara. Lakini vikuza-sauti vidogo vyenye sura ya kifaa cha kusikia vinauzwa duniani kote kwenye maduka ya simu na kwenye intaneti, pamoja na chaja na kava za simu. Mtoto anamnunulia mama yake kwa mapenzi, anakipachika sikioni, anaongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna aliyelichungulia sikio lile kwanza. Watu wa forodha waliona tofauti ambayo macho ya mnunuzi hayaioni, na ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nchi mbalimbali zilivyojaribu kuilinda tofauti hiyo, na wapi Lubumbashi inasimama.

*

Je, wajua kwamba ardhi ya Katanga imo ndani ya kifaa hiki?

Mwishoni mwa mwaka 1952 kampuni ya Marekani ya Sonotone ilitoa modeli yake ya 1010, kifaa cha kwanza cha kusikia kuuzwa kikiwa na transista. Kabla ya hapo mvaaji alitembea na betri nzito mwilini za kuendesha vali za kioo. Maabara ya Bell, ambako transista ilivumbuliwa mwaka 1947, iliwasamehe watengenezaji wa vifaa vya kusikia ada ya uvumbuzi huo, kwa heshima ya Alexander Graham Bell, ambaye kabla ya simu alikuwa mwalimu wa viziwi. Transista za miaka ile zilitengenezwa kwa madini ya jemaniamu.

Sasa nenda Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia. Mgodi wake ulifunguliwa mwaka 1924. Humo ndimo madini ya renieriti, yenye jemaniamu ndani yake, yalimotambuliwa mwaka 1948 na kupewa jina la Armand Renier, mwanajiolojia wa Ubelgiji. Kati ya 1956 na 1978 mgodi huo ulitoa tani 278 za jemaniamu, kiasi kikubwa sana kwa madini ambayo dunia huyapima kwa kilo. Mgodi ulisimama mwaka 1993, ukarudi kutoa zinki mwezi Juni 2024. Na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru kinachosimama mjini Lubumbashi kando ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kile ambacho kila mtoto wa mji amekichora shuleni, nacho kina jemaniamu. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines ilianza kuisafirisha nje.

Vifaa vya leo vimehamia kwenye silikoni, lakini Katanga haijatoka ndani yake. Betri ndogo za duara zinazotumika kwenye vifaa vingi vya kusikia ni za zinki na hewa. Vile vinavyochajiwa vina betri za lithiamu, na nyingi kati ya hizo zina kobalti, ambayo zaidi ya nusu yake duniani inachimbwa kwenye mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba.

Nayasema haya kwa sababu mara nyingi kifaa cha kusikia huzungumzwa kwetu kana kwamba ni sadaka kutoka mbali, kitu cha kupokea kwa mikono miwili bila kuuliza maswali. Tuna haki ya kuuliza maswali. Malighafi imetoka chini ya miguu yetu. Kinachotupungukia zaidi ni watu waliofunzwa kukiweka sikioni, na mamlaka ya kuwawajibisha watu hao wakikosea.

*

Je, wajua kwamba mtu anaweza kusikia sauti yako yote na asielewe hata neno?

Irabu zina nguvu na ziko kwenye sauti nzito. Konsonanti nyingi ni hafifu na ziko juu: s, f, sh, t, k. Umri na kelele huharibu kwanza sehemu ya juu. Kwa mzee wa namna hiyo, "anapika", "anafika" na "anashika" ni neno moja. Anajua mtu fulani anafanya jambo fulani, basi. Ndiyo maana husema, "Nakusikia, mwanangu, lakini sema vizuri," na mtoto huinua sauti, na mzee hukasirika kwa kupigiwa kelele.

Kipimo kinachofanywa na mtaalamu huchora ramani ya tatizo hilo. Kila sikio hupimwa peke yake, kwa sauti nyembamba moja moja, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8,000, na kwa kila sauti hutafutwa kiwango cha chini kabisa ambacho mtu anaanza kuisikia. Mchoro unaopatikana hautafanana na wa mtu mwingine. Kifaa hupangwa kuufuata: hapa ongeza sana, pale kidogo, kule acha kama kulivyo, na juu kabisa weka kikomo ili mlango ukigongwa kwa nguvu sauti isiumize.

Kikuza-sauti cha dukani huongeza kila kitu kwa pamoja. Kinaongeza sauti ya pikipiki, ya jenereta ya jirani na ya sufuria, kisha kinazifunika zile konsonanti ambazo mzee alikuwa anazitafuta. Baada ya wiki kinaishia kabatini, na familia nzima inaamini kwamba "mashine hizi hazifai". Hasara hiyo ni kubwa kuliko pesa iliyopotea, maana mtu huyo ni vigumu kumrudisha kujaribu tena.

*

Je, wajua kwamba lugha ya nyumbani inaweza kubadilisha jinsi kifaa kinavyopangwa?

Kanuni moja inayotumika sana duniani kukadiria kiasi cha sauti kwa kila mgonjwa ilitoka Australia, kwenye maabara ya taifa ya akustika ya Sydney, na inajulikana kama NAL-NL2. Kabla ya kutoa hesabu yake huuliza umri, huuliza kama mtu amewahi kuvaa kifaa, na huuliza pia kama lugha yake ni ya toni. Kwa lugha za toni huongeza kidogo kwenye sauti nzito, kwa kuwa huko ndiko kupanda na kushuka kwa sauti kunakobeba maana.

Kiswahili hakina toni. Kiluba kinayo. Kibemba kinayo. Mzee wa Katuba anayezungumza Kiswahili sokoni, Kiluba na mke wake na Kifaransa kwenye ofisi ya serikali anamletea fundi wa vifaa swali ambalo fundi wa Paris au Brussels ni nadra kuliwaza. Yeyote anayefanya kazi hii Lubumbashi lazima amuulize mgonjwa: ni nani hasa unayetaka kumsikia?

Upo pia upimaji wa maneno, ambapo mtu hurudia maneno anayoyasikia. Katika nchi zinazotumia Kifaransa, orodha iliyozoeleka ni ya Jean-Étienne Fournier, ya tangu miaka ya 1950, yenye maneno ya Kifaransa ya silabi mbili. Mpe mama aliyekulia Kasenga na asiyekwenda shule orodha hiyo, naye atakosea mengi kwa sababu hajui Kifaransa, kisha karatasi itaandika kwamba masikio yake ni mabovu kuliko yalivyo. Kwangu mimi, orodha nzuri ya maneno ya Kiswahili kinachosemwa Katanga ingekuwa kazi ya heshima kubwa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

*

Je, wajua kwamba kuna dalili nane ambazo zikionekana, muuzaji anapaswa kukataa pesa yako?

Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka kanuni ya nchi nzima kuhusu vifaa vya kusikia, na ndani yake mlikuwa na orodha ya mambo yanayomlazimu muuzaji kusimama na kumpeleka mtu kwa daktari kwanza. Sikio lenye kasoro ya umbo inayoonekana. Usaha au majimaji yaliyotoka ndani ya siku 90 zilizopita. Usikivu ulioshuka ghafla au kwa haraka katika siku hizohizo 90. Kizunguzungu. Sikio moja tu lililopungukiwa usikivu ghafla au hivi karibuni. Maumivu. Nta nyingi au kitu kilichoingia ndani. Ya nane ni tofauti kubwa kati ya sauti inayopita hewani na inayopita kwenye mfupa, jambo linaloonekana kwa kupima tu.

Ukisoma orodha hiyo utaelewa kwa nini nchi hutaka leseni. Ya mwisho peke yake haiwezi kugunduliwa na mtu asiye na mashine ya kupimia na elimu ya kuitumia. Tofauti hiyo mara nyingi maana yake ni kwamba ngoma ya sikio imetoboka, au kuna maji nyuma yake, au vile vifupa vitatu vidogo vya ndani vimekwama. Magonjwa hayo mara nyingi hutibika. Anayemuuzia mtu wa namna hiyo kifaa amemnyima tiba, hata kama kifaa chenyewe ni cha kweli na bei ni ya haki. Usaha wa sikio unaorudi kila msimu wa mvua ni jambo la kawaida sana kwa watoto wetu, na sikio linalotoa usaha likizibwa na plastiki siku nzima huzidi kuoza.

Usikivu unaoshuka ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni dharura. Tiba yake ina nafasi kubwa ya kufaulu ikianza mapema, ndani ya siku za kwanza. Mtu asipoteze wiki mbili akitembea madukani kulinganisha bei.

*

Je, wajua kwamba Ufaransa ilipiga marufuku kumtembezea mtu kifaa cha kusikia nyumbani kwake?

Sheria ya tarehe 3 Januari 1967 iliifanya kazi ya kuweka vifaa vya kusikia kuwa taaluma yenye diploma ya serikali. Leo masomo yake ni ya miaka mitatu. Kifaa hutolewa kwa cheti cha daktari. Na kanuni ya afya ya nchi hiyo inakataza waziwazi kukiuza kwa kutembeza, kwa maonyesho ya mauzo, kwa kubisha hodi milango ya watu na kwa posta. Waliotunga walijua wanamlinda nani: mzee aliye peke yake nyumbani, asiyesikia vizuri maneno ya mkataba, anayeona aibu kusema "sijaelewa".

Marekani ilianzia kwenye majimbo. Oregon ilikuwa ya kwanza kudai leseni kwa wauzaji, mwaka 1959. Mwaka 1973 kundi la wastaafu waliofanya kazi na mwanaharakati Ralph Nader walitoa ripoti kali juu ya biashara hiyo, wakionyesha jinsi watu wazima walivyouziwa vifaa wasivyovihitaji. Miaka minne baadaye ikaja ile kanuni ya dalili nane. Napenda sana kwamba walioandika ripoti hiyo walikuwa wazee wenyewe. Hawakungoja kuhurumiwa.

Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1968 na kuunda baraza maalumu la wauzaji wa vifaa vya kusikia. Lilidumu hadi 2010, kazi yake ilipohamishiwa kwenye baraza la pamoja la taaluma za afya. Afrika Kusini huwaandikisha wataalamu wa usikivu na mafundi wa vifaa kwenye baraza la taaluma za afya linalosimamiwa na sheria namba 56 ya 1974. Anayefanya kazi hiyo bila kuandikishwa anavunja sheria.

*

Je, wajua kwamba Marekani hiyohiyo iliamua baadaye kulegeza?

Tarehe 17 Oktoba 2022 ilianza kutumika kanuni inayoruhusu watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wenye upungufu mdogo hadi wa wastani, kununua aina fulani ya vifaa dukani bila kupimwa wala kupata cheti. Maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Elizabeth Warren na Chuck Grassley, ndio waliosukuma sheria yake, iliyopitishwa mwaka 2017. Hoja yao ilikuwa bei: leseni na uchache wa wauzaji vilikuwa vimewafungia mlango mamilioni ya watu.

Wapo watakaosema kwamba kama Marekani imeacha, sisi tuna haja gani ya kuanza? Someni kanuni yenyewe. Imeweka kikomo cha nguvu ya sauti, desibeli 111, au 117 kwa kifaa chenye uwezo wa kujipunguza. Imeweka kikomo cha kina, ili ncha ya kifaa isiikaribie ngoma ya sikio kwa chini ya milimita 10. Imewatoa watoto wote. Imelazimisha maandishi ya onyo juu ya boksi. Usimamizi ulihama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa kiwanda, na nyuma ya kiwanda kuna ofisi yenye wakaguzi na maabara. Anayeondoa leseni bila kuwa na ofisi ya namna hiyo amemwacha mnunuzi uwanjani peke yake.

*

Je, wajua kwamba mwaka uleule wa transista ya Sonotone, Kongo ilipata sheria yake ya tiba?

Dekreti ya tarehe 19 Machi 1952, ya utawala wa Kibelgiji, ilipanga nani anaruhusiwa kutibu watu. Tarehe 13 Desemba 2018 nchi ilipata sheria namba 18/035 inayoweka misingi ya mpango mzima wa afya ya umma. Katikati yake taaluma zilipata vyombo vyao kimoja kimoja: madaktari walipewa Ordre des Médecins, yaani baraza lao, kwa amri ya tarehe 1 Machi 1968, wauguzi wakapata Ordre yao kwa sheria ya Julai 2016. Bidhaa za afya zimewekewa mamlaka yake, ACOREP, iliyoundwa mwaka 2020. Mkoani Haut-Katanga, anayegonga mlango kukagua ni Divisheni ya Afya ya Mkoa na ukaguzi wake, na chini kabisa kuna zoni za afya, 519 nchi nzima.

Kwa hiyo daktari wa masikio, pua na koo wa Hospitali ya Sendwe au wa Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi ana pa kuwajibikia. Kifaa kinachoingia nchini kina mamlaka ya bidhaa. Mtu anayeketi kati ya daktari na kifaa, anayechukua umbo la sikio kwa ute unaoganda, anayeunganisha kifaa na kompyuta na kuamua kiasi cha sauti, ndiye ninayemfikiria. Anastahili jina la taaluma, shule na daftari la majina yaliyo wazi kwa umma, kama muuguzi alivyopata. Mwanafunzi wa ISTM ya Lubumbashi, chuo cha ufundi wa tiba, anayetaka kazi hii asilazimike kwenda ng'ambo na kubaki huko.

Nchi imekwisha kujifunga kwa neno lake. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 26 inazitaka nchi kukuza mafunzo ya wanaofanya kazi ya urekebishaji, na pia upatikanaji wa vifaa saidizi, ujuzi juu yake na matumizi yake. Tarehe 3 Mei 2022 ikafuata sheria namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki za mtu mwenye ulemavu. Mwaka huohuo, Julai, Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sheria ya forodha ya jumuiya hiyo ina msamaha wa kodi kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Wazazi wa watoto viziwi na vyama vyao wana vifungu vya kushika mkononi wanapokwenda ofisini.

*

Je, wajua kwamba majirani wetu wametangulia kidogo tu?

Zambia ina baraza la taaluma za afya lililowekwa na sheria ya 2009, na Lusaka ilipata, katikati ya miaka ya 2010, chuo cha kufundisha wataalamu wa vifaa vya kusikia wa nchi za Afrika, kilichofadhiliwa na taasisi ya Starkey. Tanzania iliviingiza vifaa tiba kwenye jina la mamlaka yake ya dawa mwaka 2019, na Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio. Botswana, ingawa haipakani nasi, ilikwenda njia yake: kwenye kijiji cha Otse, karakana ya Godisa ilitengeneza vifaa vya kusikia vinavyochajiwa kwa jua, na waliokuwa wakiviunganisha kwa mikono walikuwa mafundi viziwi.

*

Je, wajua kwamba karibu nchi zote maskini zina wataalamu wa usikivu wasiofikia mmoja kwa kila watu milioni moja? Shirika la Afya Duniani liliihesabu hali hiyo kwenye ripoti yake ya Machi 2021: asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini. Watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma ya kurejeshewa usikivu. Kati ya wanaoweza kufaidika na kifaa, wanaokitumia ni asilimia 17 tu.

Ndiyo maana mwaka 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo kwa nchi za kipato cha chini na cha kati: watu wasio mabingwa wanaweza kufundishwa kupima na kuweka vifaa, wakisimamiwa. Naukubali, na neno ninalolishikilia ni hilo la mwisho. Muuguzi wa Kampemba aliyefundishwa vizuri, mwenye bingwa wa kumpigia simu, ni bora kuliko bingwa asiyekuwepo. Muuguzi huyohuyo akiachwa peke yake na boksi la vifaa vya msaada, atavigawa kama biskuti.

*

Je, wajua kwamba dawa inaweza kuondoka na usikivu? Kwinini huleta mlio masikioni, na kwa kawaida mlio hupita. Sindano za jamii ya streptomisini, kanamisini na jentamisini zinaweza kuua seli za sikio la ndani, na seli hizo hazioti tena. Tangu 2018 na 2019 Shirika la Afya Duniani limeiondoa kanamisini kwenye dawa linazopendekeza kwa kifua kikuu sugu. Fundi wa vifaa asiyeuliza "umewahi kudungwa sindano gani?" hajaanza kazi.

*

Je, wajua kwamba kelele ya desibeli 85 inavumilika kwa saa nane, lakini kila desibeli tatu zinazoongezeka zinakata muda huo nusu? Kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni mbili, kwa 100 ni robo saa. Mashine ya kutoboa mwamba inapita hapo. Mchimbaji mstaafu wa Likasi au Kipushi anayeweka redio juu kabisa aliacha sehemu ya masikio yake kazini.

*

Je, wajua kwamba mtoto mchanga anahitaji sikio jipya la plastiki kila baada ya miezi michache? Kipande kinachoshika kifaa hufinyangwa kwa umbo la sikio lake, na sikio linakua. Kikilegea, sauti inavuja, inarudi kwenye maikrofoni na kifaa kinapiga mluzi. Mama akisikia mluzi anazima kifaa, na mtoto anakosa wiki nzima za maneno katika umri ambao maneno hayangoji. Anayeuza kifaa cha mtoto bila ahadi ya kufinyanga tena ameuza nusu.

*

Je, wajua kwamba betri ya zinki huanza kufa dakika unayoibandua karatasi yake? Hewa inaingia kwenye vitundu vidogo na kazi inaanza. Kuibandika tena hakusaidii kitu. Rangi ya karatasi ndiyo saizi, na ni ileile dunia nzima: njano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, buluu ni 675. Hudumu siku chache hadi wiki mbili tatu. Kiangazi cha Lubumbashi, kuanzia Mei, hewa kavu huikausha mapema. Masika, unyevu huingia kwenye kifaa chenyewe. Kihifadhi usiku ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Betri ikiisha, ifiche mbali na watoto: ikimezwa inaunguza koo, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali palepale.

*

Je, wajua kwamba Ufaransa humpa mnunuzi angalau siku 30 za kujaribu kabla ya kulipa, na kwamba tangu Januari 2021 kuna daraja la vifaa ambalo bei yake kwa mtu mzima haiwezi kuzidi euro 950 kwa sikio na ambalo bima hulipa lote? Siku 30 hazikuchaguliwa ovyo. Ubongo uliokaa miaka kumi bila konsonanti unazipokea mwanzoni kama mikwaruzo, na unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Mwenye haraka hukata tamaa siku ya tatu.

Hapa Lubumbashi unaweza kudai jambo hilohilo kwa mdomo wako, hata mbele ya muuzaji mpole. Muulize alisomea wapi, na aonyeshe karatasi. Muulize ni daktari gani atakayelitazama sikio kwanza. Muombe mchoro wa kipimo, uende nao nyumbani, maana ni mali yako. Muulize umrudie lini kurekebisha, mara ngapi bila kulipa tena, na betri za rangi hiyo zinapatikana duka gani la mjini. Kisha umrudishie mzee wako kiti akae, na muuzaji aongee naye yeye, uso kwa uso, polepole. Akiendelea kuongea na wewe tu juu ya kichwa cha mzee, ondokeni.